Kuagiza bunduki ya mbogo kwa fundi: kuanzia kaliba hadi kulenga

Bunduki ya kuwindia mbogo, tembo au simba haipimwi kwa nakshi zilizochongwa kwenye chuma chake. Kipimo chake ni mambo matatu: risasi ya pili iingie chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapokaa ikisubiri kufyatuliwa, bila kusita, ikipanda begani jicho liwe tayari liko kwenye kilengeo, na kitako kisipasuke baada ya risasi mia. Wateja wengi hubana fedha kwenye hayo matatu ili wapate ya mapambo, ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu imekaa hapo. Tunazungumzia bunduki ya bolti, yaani komeo la chuma linalosukumwa na kuvutwa kwa mkono ili kuingiza risasi na kufunga chemba, yenye mtutu mmoja. Ya mitutu miwili ni ufundi mwingine na bei nyingine kabisa.

Kibali kwanza, fundi baadaye

Usilipe hata malipo ya awali kabla ya kujua kama utaruhusiwa kumiliki kaliba, yaani ukubwa na aina ya risasi, unayoitaka. Tanzania silaha hutawaliwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, na uwindaji wenyewe na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Kenya imepiga marufuku uwindaji wa aina hii tangu 1977. Kama fundi yuko Uingereza, Ujerumani au Austria, atahitaji leseni ya kusafirisha silaha nje, na hawezi kuiomba bila kuona kibali chako cha kuingizia. Akiwa Marekani, tangu Machi 2020 leseni za bunduki za aina hii hushughulikiwa na Wizara ya Biashara.

Mwombe fundi namba ya mtambo (kiini cha chuma kinachobeba bolti na kushika mtutu) mara tu mtambo unapopatikana, usingoje bunduki iishe. Namba hiyo, jina la mtengenezaji na maandishi ya kaliba lazima yafanane herufi kwa herufi kwenye karatasi zote. Kaliba ikiandikwa «.416» kwenye kibali na «.416 Rigby» kwenye mtutu, hilo peke yake linatosha kuisimamisha bunduki forodhani kwa wiki nyingi.

Chagua kaliba kwa bega lako

Tanzania inaihesabu .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari. Ile .375 H&H Magnum ilitoka 1912: kichwa cha risasi cha gramu 19.4 kinachotoka kwa mita 770 hivi kwa sekunde. Mtu wa kawaida huimudu baada ya mazoezi, na risasi zake hupatikana karibu kila mahali bunduki kubwa zinapotumika. .416 Rigby, ya 1911, inatupa kichwa cha gramu 26 kwa mita 720 hadi 730. .458 Lott, iliyobuniwa 1971, inafika gramu 32.4 kwa mita 700, na hapo teke ni la kuheshimiwa.

Ushauri wetu hauna kona: kama hujawahi kufyatua zaidi ya risasi 100 za .375, agiza .375. Mbogo aliyepigwa vizuri na .375 huanguka. Aliyepigwa vibaya na .458, kwa sababu mpigaji alifumba macho akiogopa teke, huingia kichakani, na wafuatiliaji ndio watakaomfuata huko.

Kwa .416 kuna jambo la kuelewa kuhusu joto. Rigby ilibuniwa enzi za baruti ya kordaiti, iliyopandisha shinikizo sana juani, hivyo ganda likafanywa kubwa na shinikizo likawekwa chini. Kipimo cha juu cha Ulaya ni megapaskali 325. .416 Remington Magnum, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1980, inatoa nguvu ileile katika ganda dogo zaidi, kwa hiyo shinikizo lake liko juu. Risasi zilizojazwa kwa kiwango cha mwisho wakati wa baridi ya Ulaya zinaweza kuing'ang'aniza bolti kwenye joto la nyuzi 40 za mto Rufiji. Ukichagua Remington, usitafute mwendo wa mwisho kabisa. Ukichagua Rigby, una nafasi ya kupumua.

Mtambo: urefu wa risasi ndio unaoamua

Kwa wanyama hatari omba mtambo wa mfumo wa Mauser 98, wenye ukucha mrefu unaoshika ukingo wa ganda tangu risasi inapopanda kutoka magazini. Faida yake inaonekana mtu anapohamaki. Ukisukuma bolti nusu ukairudisha, risasi inarudi nayo, na ya pili haiwezi kwenda kugonga mgongo wa ya kwanza.

Sasa pima urefu. Risasi ya .458 Winchester ina milimita 85 hivi, .375 H&H na .458 Lott milimita 91.4, .416 Rigby milimita 95.25. Magazini ya Mauser ya kijeshi ina urefu wa kama milimita 84. Ili .375 au Rigby iingie humo, fundi hulazimika kukwangua chuma cha mteremko unaopandisha risasi kuelekea chemba. Mbele tu ya mteremko huo ndipo jino la chini la bolti linapoegemea, kwa hiyo kila milimita inayokwanguliwa inaondoa chuma kinachobeba mlipuko. Mitambo mingi ya zamani ya kijeshi pia ni migumu juu tu na laini ndani. Ikibebeshwa shinikizo kubwa, meno ya bolti hujichimbia kiti taratibu, nafasi ya chemba (pengo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda) inaongezeka, na bolti inaanza kuwa nzito kufungua.

Kwa hiyo .375, .416 Rigby na .458 Lott ziagize kwenye mtambo mrefu uliotengenezwa kwa ajili yake tangu mwanzo. Kama bajeti inakulazimisha kutumia mtambo wa kawaida, nenda .458 Winchester, iliyo fupi kuliko zote hizo, na mtambo upimwe ugumu wa chuma kabla ya kazi yoyote.

Magazini, mahali bunduki nyingi ghali zinapoaibika

Risasi ndani ya magazini hupangana kwa zigizaga, na upana wa sanduku unapaswa kuzifanya ziegemeane kwa pembe ya nyuzi 30. Hesabu yake ni nyepesi: kipenyo cha ganda kwenye kitako chake mara 1.866. Ganda la .416 Rigby lina milimita 14.96, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya sanduku iwe karibu milimita 27.9. Likiwa jembamba, risasi zinasimama juu ya nyingine na kukwama. Likiwa pana, zinalala sambamba na ya juu inaruka nje kabla ukucha haujaishika. Kwa ndani sanduku la Rigby liwe na urefu wa milimita 97 au 98.

Mwambie fundi kwa maandishi kwamba bunduki italishwa aina mbili za vichwa: laini, na ngumu chenye pua bapa. Pua bapa ndiyo mtihani, kwa sababu ukingo wake hugota kwenye mdomo wa chemba mahali ambapo pua ya mviringo ingeteleza. Mpelekee, au mwombe atengeneze, risasi bubu tano za kila aina, zisizo na baruti wala fataki, zenye urefu na uzito halisi. Fundi anayelisha bunduki kwa aina moja tu ya risasi bubu amemaliza nusu ya kazi.

Kifuniko cha chini cha magazini kisiwe na kitufe kinachokaa ndani ya kinga ya triga bila springi ngumu. Teke la kaliba kubwa linaweza kukifungua chenyewe, na risasi zote nne zikamwagika kwenye majani. Omba komeo lenye wenzo, au kifuniko kisichofunguka kabisa.

Mtutu

Hapa hapana mjadala mrefu. Urefu sentimita 58 hadi 62 unatosha. Msokoto wa ndani: mzunguko mmoja kwa inchi 12 kwa .375, kwa inchi 14 kwa .416 na .458. Kishikizo cha mbele cha mkanda kifungwe kwenye mtutu wenyewe kwa pete. Kikiwa chini ya mbao, teke litakileta kwenye vidole vya mkono wako wa kushoto. Kifaa cha mdomoni cha kupunguza teke tunakishauri uwanjani pekee. Porini kinapasua masikio ya mfuatiliaji anayesimama pembeni yako, naye hana kinga yoyote.

Uzito na kitako

Uzito ndio dawa ya kwanza ya teke. Ukishusha bunduki ya kilo 4.7 hadi 3.9, nguvu ya teke inapanda kwa asilimia 20. Vipimo vinavyofaa, bila darubini: .375 kilo 4 hadi 4.3; .416 kilo 4.4 hadi 4.7, Lott kilo 4.6 hadi 5. Uzito ukae katikati ya mikono miwili, na bunduki ilale sawa ukiiegemeza kidole karibu na skrubu ya mbele ya mtambo. Kuongeza vipande vya madini mazito ya risasi ndani ya kitako ili kufikisha kilo ni suluhisho la kivivu, kwani mdomo wa mtutu unakuwa mwepesi na kuruka.

Urefu wa kitako, kutoka triga hadi katikati ya mpira wa begani, kwa watu wengi huangukia sentimita 34.5 hadi 36. Tatizo kubwa hapa ni nguo. Ukipimwa London mwezi wa Januari ukiwa na koti la sufi, sentimita moja nzima ya koti inahesabiwa kuwa bega lako. Porini utavaa shati jepesi, kitako kinakuwa kifupi, na kwenye teke kidole gumba kinakutana na pua au ukingo wa darubini unakata juu ya nyusi. Nenda kupimwa na shati utakalowindia, hata kama karakana ni baridi.

Mbao iliyozoeleka ni ya mjozi, yaani walnati, na ya Uturuki inasifika. Usichague kwa madoa mazuri, tazama shingo ya kitako, mahali kiganja kinaposhika. Hapo nyuzi za mbao zipite moja kwa moja kutoka nyuma kwenda mbele, sambamba na shingo. Uzuri wote wa michirizi uishie sehemu pana ya nyuma. Nyuzi zikikata shingo kwa mshazari, kitako kitavunjika hapo, bunduki ikianguka kutoka garini au hata kwa risasi tu.

Kisha kuna ufa. Toa mtambo, angalia kwa lenzi nyuma ya mkia wake, pale chuma kinapoishia kwenye mbao. Ufa mwembamba kama unywele, unaoanzia kwenye kona ya mkia na kufuata nyuzi kuelekea shingoni, maana yake ni kwamba mkia unaigonga mbao kila unapofyatua. Mkia haupaswi kubeba teke hata kidogo. Pasiwe pamebana, iachwe nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja nyuma yake. Kinachobeba teke ni jino kubwa chini ya mtambo, liegemee epoksi iliyomiminwa kulifuata umbo, na kwa .416 kwenda juu jino la pili chini ya mtutu. Pini mbili nene za chuma za kukatisha mbao, moja nyuma ya jino kubwa na moja nyuma ya sanduku la magazini, huzuia kuta nyembamba zisifunguke. Mafundi wengine hupenda kuzificha. Zikionekana, zikifichwa, ilimradi zimo.

Ncha ya mbele ya kitako hupendeza ikiwa ya pembe ya nyati au ya mpingo. Miti karibu yote ya jamii ya mpingo imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017, na ingawa bidhaa zilizokwisha kutengenezwa zenye chini ya kilo 10 za mbao hiyo zimesamehewa, risiti ya fundi inayotaja aina ya mti ni kinga nzuri forodhani. Pembe za ndovu usiziguse kabisa, hata kitone cha kwenye kilengeo.

Vilengeo

Kilengeo cha nyuma kiwe cha V pana na isiyo na kina, jani moja lililosimama kwa mita 50. Majani ya kukunja ya 100 na 150 hayana kazi pale darubini ipo. Cha mbele kiwe kitone cheupe cha plastiki ngumu, milimita 2.5 kwa upana. Agiza kitone kiachwe kirefu kupita kiasi. Kikiwa kirefu, bunduki inapiga chini, nawe unaweza kukipunguza kwa tupa. Kikiwa kifupi tangu mwanzo, hakuna la kufanya ila kununua kingine.

Hesabu ya tupa: umbali kati ya vilengeo viwili, mara kosa la shabaha, gawanya kwa umbali wa shabaha. Vilengeo vikiachana milimita 450 na risasi zikitua sentimita 10 chini kwa mita 50, ni 450 mara 100 gawanya kwa 50,000, yaani milimita 0.9. Ondoa nusu yake kwanza, piga risasi tatu, kisha endelea kwa mikwaruzo miwili miwili.

Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, kuanzia 1 hadi 4 au 6, yenye nafasi ya jicho isiyopungua sentimita 9, juu ya vishikio vya kutoa kwa mkono. Ifungwe chini iwezekanavyo. Kitako kichongwe kwa ajili ya vilengeo vya chuma, na darubini ndiyo ifuate. Ukikubali kinyume chake, siku unayoitoa darubini ili uingie kichakani utajikuta unaona mgongo wa bolti tu.

Karatasi ya agizo

Iandikwe kila kitu: kaliba kwa jina kamili, urefu na uzito wa mwisho na tofauti inayovumilika (gramu 150 inatosha), vipimo vyote vya kitako, uzito wa triga (kilo 1.4 hadi 1.8, isiwe nyepesi zaidi), sefti inayofunga pini yenyewe badala ya kufunga triga tu, aina za risasi zitakazojaribiwa, na nani anamiliki mtambo kama karakana itafungwa kabla kazi haijaisha. Malipo yagawanywe matatu: kuagiza, bunduki ikiwa bado haijapakwa rangi, na baada ya majaribio. Mwaka mmoja hadi miwili ni muda wa kawaida kwa fundi mzuri. Anayeahidi miezi mitatu anakuuzia kazi aliyokwisha kuianza kwa ajili ya mtu mwingine.

Malipo ya pili ndiyo muhimu. Nenda ukaione, au mtume mtu anayejua, wakati chuma bado ni cheupe na mbao haijatiwa mafuta. Kuhamisha milimita mbili za mgongo wa kitako siku hiyo ni kazi ya saa moja. Baada ya kung'arishwa ni kitako kipya. Pandisha bunduki begani macho yakiwa yamefumba, yafungue: kitone kiwe kimekaa ndani ya V bila wewe kusogeza shingo. Rudia mara kumi.

Majaribio kabla ya kupokea

Ikiwa imetengenezwa Uingereza, Ujerumani au Austria, sheria inataka ipitie nyumba ya majaribio na kugongwa muhuri. Hupigwa risasi yenye shinikizo la asilimia 25 juu ya kiwango cha juu. Marekani haina sharti hilo, kwa hiyo uliza fundi amefanya nini badala yake, na geji za nafasi ya chemba zipimwe mbele yako: ya kupita ipite, ya kutopita bolti isifunge.

Kisha risasi bubu. Jaza magazini, ilishe polepole, ilishe kwa nguvu zote, bunduki ikiwa wima, imelala ubavu wa kulia, wa kushoto, na juu chini. Mizunguko 50, nusu pua laini, nusu bapa. Tumbukiza pia risasi moja moja kwa mkono ndani ya chemba na ufunge bolti. Ukucha wa asili wa Mauser hukataa kurukia ukingo wa ganda, na fundi anapaswa kuwa ameuchonga ili ukubali.

Halafu za moto, zisizopungua 40, na si siku moja. Iache risasi ileile chini ya magazini huku ukifyatua tatu za juu yake, mara tatu mfululizo, kisha ipime urefu kwa kalipa. Ikiwa imefupika, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda na teke, na shinikizo litapanda siku utakapoifyatua: badilisha risasi zenye kubana shingo vizuri zaidi, au fundi arekebishe sanduku liizuie kwenye bega la ganda. Baada ya risasi 20 toa mtambo kwenye mbao, tafuta ule ufa, kaza skrubu upya. Mbao mpya hukaa chini kidogo, na skrubu zilizolegea ndizo huanzisha mpasuko.

Safari na siku za mwanzo

Mashirika ya ndege huruhusu risasi kilo 5 kwa abiria. Risasi ya .416 Rigby ina uzito wa gramu 54 hivi, kwa hiyo pamoja na maboksi hesabu 80. Chukua zote za kundi moja la uzalishaji, zilezile zilizotumika kulengea.

Ukifika kambini lenga upya kabla ya kitu chochote, kwa risasi tatu mita 50 kwa vilengeo vya chuma na tatu mita 100 kwa darubini. .375 yenye kichwa cha gramu 19.4 iwe sentimita 5 juu kwa mita 100. Toa darubini, irudishe, piga moja tena. Ikihama zaidi ya sentimita 3, vishikio havijakaa sawa, na wiki hiyo utawinda kwa chuma. Jioni pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo kwenye mtutu na chini ya bolti, hasa ukiwa karibu na bahari, lakini chemba ifute iwe kavu. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na nguvu yote inarudi kwenye meno ya bolti.